Miaka Yangu kwa Wahainan wa Porte de Namur

Jumanne moja ya Februari 2017 Patron, tajiri wangu, alifariki katika chumba chake juu ya mgahawa, na kahawa ya namna yake haikukaangwa tena Brussels. Labda iko mahali pengine. Mimi sijaiona.

Naandika kwa ajili ya vijana wetu wanaoingia kazi za jikoni katika mji huu. Mimi nilisoma miaka sita tu kule Bukavu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Nitasema kazi ilivyokuwa.

Nilianza mwaka 2003, mwezi wa kumi. Nilikuwa nimepita miaka hamsini. Dada mmoja wa kanisani alikuwa ameniambia kwamba karibu na Porte de Namur kuna Wachina wanaotafuta mtu wa kuosha vyombo. Nilifika asubuhi, mvua ikinyesha, nikakuta mwanamume mfupi mwenye fulana nyeupe akifuta meza za mawe. Hakuuliza jina. Aliuliza, "Umekula?" Nilifikiri ananitega kwa kuwa nimekuja kuomba kazi, nikasema ndiyo, nimekula. Akanipa aproni. Baadaye nilijua kwamba lile swali ndilo "habari" yao, na kwamba siku ile ningepata kifungua kinywa kama ningesema kweli.

Wote tulimwita Patron, hata mke wake alipokuwa amekasirika. Mke alikuwa Madame. Mtoto wao mkubwa, Boon, ndiye aliyepika kahawa. Walitoka Malaysia, lakini babu zao walitoka kisiwa cha Hainan, kusini mwa China. Patron alinieleza kwamba watu wa Hainan walifika Malaysia wakiwa wamechelewa, wakakuta Wachina wengine wameshika biashara zote. Wakaingia jikoni, kwenye meli na katika nyumba za Waingereza. Huko walijifunza mkate wa kuchoma, mayai na kahawa, wakavigeuza kuwa vyao. Yeye mwenyewe alikuwa mpishi wa meli, akashuka Antwerpen, hakupanda tena.

Lugha yetu pale ilikuwa Kifaransa kifupi. Cha Patron kilikuwa kifupi kuliko changu. Nakiandika hapa kwa Kiswahili.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa sinki. Vikombe vilikuwa vya udongo mzito, vyenye maua ya kijani, na wazee wa kwao humimina kahawa kwenye kisahani ipoe, wakanywea humo. Kwa hiyo kisahani kilioshwa kama kikombe, ndani na nje. Watu wengi hawajui hilo. Huosha kisahani juu juu, na mteja anakunywa sabuni ya mwenzake.

Kituo cha pili kilikuwa mkate na mayai. Nilipewa baada ya mwaka mmoja hivi, Emine alipoajiriwa. Emine alikuwa Mturuki wa Schaerbeek, aliyekaa mitaa miwili kutoka kwangu, mama wa watoto wadogo, na mdomo wake haukupumzika. Yeye alishika sinki, mimi nikasogea kwenye makaa.

Mkate ulichomwa mpaka ukauke, ukapasuliwa katikati kwa kisu, ukapakwa kaya. Kaya ni jemu ya mayai, sukari na tui la nazi, inayokorogwa kwenye moto mdogo mpaka mkono uchoke, pamoja na jani refu la kijani lenye harufu kama wali unaoanza kuiva. Juu ya kaya kiliwekwa kipande cha siagi baridi, kinene kama kidole, wala hakikuyeyushwa. Mayai hayakuchemshwa. Yaliwekwa ndani ya chombo cha bati, yakamwagiwa maji yaliyotoka kuchemka, yakafunikwa. Hatukutazama saa. Mkate ukiwa tayari, mayai yako tayari. Mteja aliyapasua mwenyewe kwenye kisahani, akatia mchuzi wa soya na pilipili manga nyeupe. Wazungu wengine walisema ni mabichi. Patron aliwaambia, "Ndiyo," akaenda zake.

Mchana ilikuwa kuku na wali. Kuku mzima, pamoja na kichwa na shingo, alizamishwa kwenye maji ambayo hayakuruhusiwa kutokota, yatetemeke tu. Akiiva aliingizwa kwenye maji ya barafu ili ngozi ishike. Mchele ulikaangwa kwanza kwa mafuta ya kuku yule yule, vitunguu saumu na tangawizi, ndipo ukapikwa kwa supu yake. Patron alikata kuku peke yake. Hakuna mwingine aliyegusa kile kisu kipana.

Wateja wetu walikuwa watu wa ofisi, wanafunzi kutoka Malaysia, na watu wetu wa Matonge, mtaa wa Wakongo wa karibu. Papa Kazadi, wa Likasi, dereva wa basi, alikuja kila asubuhi akitoka zamu.

"Maman Noela, alors, hii ni kahawa ao ni cirage ya viatu?"

"Kunywa, Papa Kazadi. Ukikufa tutajua."

"Bon. Nikikufa mutanipaka nayo, ning'are kwa sanduku ya maiti."

Akanywa viwili.

Mwaka 2008 ukaisha vibaya. Ofisi jirani zilifungwa moja moja na meza zetu zikabaki tupu mchana. Patron alianza kununua kuku wachache. Sisi wafanyakazi tuliona, lakini hatukuulizana.

Kila mwaka, karibu na mwaka mpya wao, Patron alifunga mlango mapema na kutulisha sisi wafanyakazi pamoja na familia, meza moja. Mwaka ule pia alifanya hivyo. Madame alileta samaki, mboga, na kuku mzima kwenye sahani kubwa, kichwa kimesimama. Patron aliiweka sahani katikati ya meza. Kisha akaizungusha kwa kidole, polepole, mpaka mdomo wa kuku ukanielekea mimi.

Boon alitazama wali wake.

Sasa, kwa baba yangu, kichwa cha kuku na firigisi vilikuwa vya baba. Mwanamke hakuvigusa. Nilikuwa nimeishi miaka yote ile bila kupewa kichwa cha kuku na mwanamume yeyote, na huyu hapa, tajiri wangu, ananipa mbele ya mke na mtoto wake. Nilisimama kidogo, nikainamisha kichwa, nikasema, "Asante sana, Patron." Nikakichukua kwa mkono. Nikakila chote.

Emine alicheka. "Hé, Maman Noela! Na macho pia?"

"Na macho pia."

"Na ubongo?"

"Ubongo ndio wenyewe."

Madame alikohoa, akaenda jikoni, akakaa huko. Patron alimimina chai. Niliporudi nyumbani Schaerbeek nilimwambia binti yangu kwamba leo nimeheshimiwa.

Kesho yake nilikwenda kazini kama kawaida. Patron alikuwa anawasha moto. Alinitazama kwa muda, nikafikiri nina kitu usoni. Kisha akasema, "Maji." Nikaweka maji.

Ilikuwa wiki nyingi baadaye Boon aliponiambia. Tulikuwa tunapanga kreti za maziwa uani.

"Maman, ile siku ya kuku hukuelewa."

"Nini?"

"Kwetu, tajiri akimwelekeza mfanyakazi kichwa cha kuku, anamwambia usirudi kesho. Ni desturi ya zamani. Anamaliza kula, anashukuru, anaondoka. Hakuna anayesema neno."

"Na mimi nilishukuru."

"Ulishukuru vizuri sana," akasema Boon. "Halafu ukarudi."

Niliendelea kupanga kreti. Katika umri wangu, bila diploma, Brussels nzima isingenipa kazi nyingine ila kusafisha maofisi, na magoti yangu yalikuwa yamekwisha kukataa ngazi. Pango la nyumba lilitoka kwangu. Binti yangu alikuwa ameanza kazi, lakini mshahara wake ulikuwa wa nauli na chakula. Kama ningenyamaza, labda ningebaki. Lakini kukaa mahali ambapo umekwisha kufukuzwa, na wote wanajua ila wewe unajifanya hujui, sikuweza. Nilimfuata Patron akiwa peke yake.

"Patron, ulitaka niondoke?"

Alikuwa anakaza kitambaa cha kuchujia kahawa kwenye kishikio chake. "Nani amekuambia?"

"Nimeambiwa. Nataka kusikia kutoka kwako."

"Mwaka ulikuwa mbaya. Wawili ni wengi. Emine ana watoto wadogo. Wako ni mkubwa."

"Ni sawa. Basi sema. Kwetu mtu akifukuzwa anaambiwa."

"Kwetu kusema ni aibu. Kwako na kwangu. Kuku ndiye anasema."

"Kuku wako nilimla."

Aligeuza kile kitambaa mkononi.

"Mpaka ubongo," akasema.

"Mpaka ubongo."

"Basi, kuku hakusema kitu." Akatundika kitambaa kwenye msumari. "Kesho njoo mapema. Boon anakwenda kufanya kazi kwenye ghala la uwanja wa ndege. Ameomba siku nyingi, nilikuwa nakataa. Wewe utashika kahawa."

Hivyo ndivyo nilivyofika kituo changu cha tatu, ambacho hakikuwa cha mtu wa nje. Boon hakuhuzunika. Siku yake ya mwisho aliimba tangu asubuhi, na Emine akamwambia anaimba kama bomba la sinki. Emine alibaki. Sote tulibaki, na Boon akawa analeta mshahara wa ghala nyumbani.

Kahawa ile Patron aliikaanga mwenyewe uani, Jumapili, pamoja na sukari na majarini, mpaka ikawa nyeusi na kung'aa. Unga wake uliwekwa kwenye mfuko mrefu wa kitambaa, unaofanana na soksi, ndani ya birika refu. Unamwaga maji ya moto, unainua mfuko, unamwaga tena kutoka birika hadi birika, mkono mmoja juu, mwingine chini. Mfuko hauoshwi kwa sabuni kamwe; kwa maji tu. Chini ya kikombe kuna maziwa mazito ya kopo, na kahawa inashuka juu yake bila kuyatibua. Mteja anakoroga mwenyewe, au hakorogi.

Miezi ya kwanza niliunguza vidole. Patron alisimama nyuma yangu.

"Usiimwage kwa hasira."

"Sina hasira."

"Mkono wako unayo."

Hakuwahi kunisifu. Kahawa ikiwa mbaya aliimwaga. Ikiwa nzuri alimpelekea mteja. Nilijifunza kusoma mgongo wake.

Majira ya baridi ya mwisho alipanda juu na hakushuka tena. Mapafu, walisema. Madame alikata kuku, na mimi nilimpelekea Patron kikombe chake kila asubuhi. Alionja, akasema, "Nyepesi," akanirudishia. Nilimpikia nzito zaidi. "Nyepesi." Madame aliniambia nisihangaike, ulimi wake ndio uliokuwa unaondoka. Sikubadilisha tena. Nilipika ileile, naye alisema neno lilelile, mpaka ile Jumanne.

Kwenye mazishi nilisimama nyuma pamoja na Emine na Papa Kazadi. Familia ilikuwa mbele, ina vitambaa vidogo vya msiba kwenye mikono ya nguo. Sisi hatukuwa navyo, na hiyo ilikuwa haki. Papa Kazadi alikuwa amevaa koti la basi kwa sababu alitoka zamu. Hakufanya mzaha wowote.

Madame alijaribu kuendelea. Boon alikuwa na nyumba na watoto Vilvoorde, hakutaka kurudi, na sikuona kwa nini arudi. Wengine waliniuliza kwa nini sikuchukua mimi. Sikuwa na nguvu, wala sikujua kukaanga kahawa. Patron hakunifundisha kukaanga, nami sikuomba. Tulitumia kahawa aliyoiacha, na ilipokaribia kwisha Emine alipata kazi katika kantini ya shule.

Vijana huniuliza kama kazi ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa kazi. Mshahara ulikuwa mdogo na miguu yangu imevimba mpaka leo. Lakini najua kufanya vitu vitatu jinsi vinavyopaswa kufanywa, na nilipoacha kazi nilikuwa na umri wa kustaafu, si wa kutafuta. Kama ningeondoka mwaka ule wa kuku, sijui. Wakati mwingine nafikiri kwamba kubaki kwangu ndiko kulikomtoa Boon, na kutoka kwa Boon ndiko kulikofunga mgahawa. Wakati mwingine nafikiri angeondoka tu.

Siku ya mwisho ilikuwa mwezi wa sita. Wateja walikuwa wamekwenda. Madame alifunga mlango, akaja mpaka mbele ya meza yangu ya kahawa. Alikuwa amejiandaa, nilimwona midomo ikijaribu maneno kabla hayajatoka. Alisema kwa Kifaransa, neno baada ya neno, kama mtoto anayesoma ubaoni:

"Maman Noela. Kazi imekwisha. Nakuachisha."

"Ndiyo, Madame," nikasema. "Asante kwa kuniambia."

Alishusha pumzi. Kisha akauliza, "Umekula?"

Nikasema, "Hapana. Sijala."

Akanivutia kiti kwenye meza ya wateja, akaingia jikoni. Nilimsikia akiwasha moto na kuweka maji. Nilikaa, mikono mapajani, kwa sababu sikujua pa kuiweka. Alileta mkate na mayai mawili kwenye kisahani, akaketi mbele yangu, akayapasua yeye mwenyewe. Nikala.