Mbolea ya Mlimani, Ukoga wa Ziwani

Mwezi jana nilikuwa duka la pembejeo hapa Mbinga, mimi ninayebeba mfuko wa mbolea kwa kidole kimoja. Mzee mmoja wa mlimani alikuwa analalamika kwamba mbolea anatia, lakini mahindi yake ni ya njano tu. Mama muuza usipa, vile vidagaa vya ziwa letu, kutoka Lundo, kule ziwani, akamgeukia.

"Shikamoo baba. Mbolea unaitiaje?"

"Marahaba. Namwaga juu juu, mvua inaishusha."

"Inaishusha mpaka kwetu! Ona." Akafunua kipande cha wavu alichofunikia ndoo. Kilikuwa na ukoga, ule utelezi wa kijani unaoota majini, mzito kama blanketi la jeshi. "Kila mvua ikinyesha nyavu zinatoka hivi. Tutakula nini?"

Mzee akaushika, akaunusa. "Kumbe nanenepesha ukoga wa watu! Nilipolima ngoro haikuwa hivi."

Ngoro ni vile vishimo vyetu vya mteremkoni vinavyodaka maji na udongo. Sisi Wamatengo tulianza kuvichimba Mungu hajamaliza milima.

"Sasa ngoro uliziachia nini?"

"Magoti, mwanangu. Hayainami tena."

"Magoti tutakuletea."

Jumamosi yule mama akapanda mlimani na wanawake wenzake, majembe begani. Nami nikajiunga nao, nikachimba vishimo elfu. Wao wanasema viwili, wivu tu. Mbolea tukaifukia. Jumanne ikapiga mvua ya kuzamisha tembo, na mzee akampigia mama simu: "Kijito kinashusha maji safi. Mbolea yangu leo imelala nyumbani."

Mimi nasubiri usipa. Kwa vishimo elfu, ndoo moja ni haki yangu.