Bushi za Mzee Kaza

Baba yangu walimwita Mzee Kaza, na jina lilimkaa sawasawa. Gerejini kwetu gari halikushushwa kwenye jeki mpaka kila nati ikazwe hadi spana ilie. Ukiacha moja imelegea, unatukanwa wewe na aliyekufundisha, ingawa aliyekufundisha ni yeye mwenyewe.

Alifariki na kinyongo kimoja: muuza spea wa mtaa wa pili. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, wakakosana kwa ajili ya bushi, zile raba nene zinazoshika mikono ya magurudumu ya mbele. Gari la baba, ambalo ni kuukuu kuliko mimi, lilikuwa linazitafuna. Anafunga mpya leo, mwezi haujaisha mbele kunalia kama mlango wa stoo. "Feki!" baba alikuwa akifoka. "Ananiuzia feki mimi!" Miaka kumi na minane hawakusalimiana. Mimi nilirithi spana, gari na ile chuki, vyote kwa pamoja.

Kaka yangu hakurithi subira. Gari lilikuwa limekaa uani mwaka mzima tangu msiba, akanipa sharti: "Litengeneze mara ya mwisho. Likianza tena kulia, linakwenda kwa wanunua chuma chakavu. Nimechoka nalo."

Nilifanya kazi siku nne. Nilibadilisha shokapu zote mbili za mbele, zilizokuwa zinavuja mafuta. Nikaitoa mikono, nikazigonga bushi za zamani kwa nyundo huku nikizilaani, nikasukumia mpya, nilizotuma mtoto akaninunulie kwa yule yule muuza spea, maana hapakuwa na duka jingine karibu. Magurudumu yakiwa yananing'inia hewani, nikakaza kila nati mpaka spana ikalia. Nilijiona fundi kweli kweli. Wiki tatu baadaye nikalitoa kwenda sokoni, likaanza: nyiii, nyiii, nyiii.

Damu ilinichemka. Nilizing'oa zile bushi, nikaenda nazo mkononi, nikazibwaga kwenye kaunta ya yule muuza spea mbele ya wateja wake.

"Mzee, huna haya? Ulimwibia baba, sasa unaniibia na mimi?"

Hakupandisha sauti. Aliigeuza moja, akanionyesha ilivyochanika kwa kujisokota, kama nguo iliyokamuliwa.

"Ulikaza gari likiwa juu ya jeki?"

"Kwani watu hukazia wapi?"

"Chini, mwanangu. Likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukikaza likining'inia, ukilishusha tu raba inajisokota, na inabaki hivyo siku zote. Nilimwambia baba yako maneno haya haya. Akanitukana hapa hapa, watu wanasikia."

Nikatafuta la kusema, nikapata baya. "Ndiyo maana hata kumzika hukuja?"

"Nilikuja. Wewe ndiye uliyenirudisha mlangoni."

Ilikuwa kweli. Tena nilikuwa nimejisifu kwa hilo mwaka mzima.

Nilirudi nyumbani na bushi mpya na hasira isiyokuwa na pa kwenda. Nilimfokea baba, peke yangu, chini ya gari lake: "Mkaidi we! Miaka kumi na minane yote hiyo!" Nilipomaliza kufunga, nikalishusha, nikajipenyeza chini yake gari likinibana kifua, nikakaza hapo hapo chini. Kaka alikuwa keshampata mnunuzi wa chuma. Nikamwomba mwezi mmoja. Ukapita, ukapita na wa pili, na gari kimya. Kaka akanikabidhi ufunguo.

Siku hiyo hiyo nikaliendesha mpaka dukani, nikafungua mlango wa mbele. "Mzee wangu, nisamehe. Panda nikupeleke kwa baba."

Akapanda. Kila tulipoingia shimoni aliinamisha kichwa kusikiliza. Hakukulia kitu. Makaburini akatoa mfukoni moja ya zile bushi nilizombwagia, akaiweka juu ya udongo.

"Feki ulikuwa wewe, ndugu yangu," akasema, akaanza kulia.