Jina la Baba Kwenye Ukuta wa Mashujaa

Kila asubuhi, kabla hajaenda karakana, baba alimmiminia bibi maji ya kunawa uso. Aliyapima kwanza kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga. Bibi alikuwa haoni vizuri tena.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na wenzake walimwita Marehemu. "Marehemu, shika huku, usitufie tena," walimtania, naye akacheka. Vita vilipoanza, baba mdogo alikuwa hajatimiza umri wa kuandikishwa jeshini. Akachukua cheti cha kuzaliwa cha baba. Bibi mwenyewe ndiye aliyemtilia kwenye mfuko wa shati. Akafia huko kwa jina la kaka yake.

Mwaka huu bibi aligoma kula. Alitaka jina la kweli la mwanawe aliyekufa liandikwe kwenye ukuta wa mashujaa. Baba akamwambia limeshaandikwa. Bibi akala. Kisha akasema, "Sasa nipelekeni nikaliguse."

Baba aliahirisha hadi visingizio vikamwishia. Siku ya kwenda akanivuta pembeni. "Msomaji ni wewe. Mtajie la baba yako mdogo." Shule niliiacha mapema, lakini kusoma najua.

Ukuta ulikuwa wa mawe meusi, umeshika joto. Nikalipata jina la baba, nikaweka kidole cha bibi juu yake, nikataja la baba mdogo. Bibi akapapasa herufi moja moja, akaegemeza shavu.

"Mwanangu, nimechelewa kuja," akamwambia.

Mama akageukia kando. Askari wa pale akasogea, kwa wema tu.

"Pole, bibi. Ni nani wako huyo?"

"Kitinda mimba wangu." Akamtajia jina.

"Basi siye huyu, bibi. Hapa ni mwingine." Akasoma jina la baba, lote, mpaka la babu.

"Kijana, jua limekuingia kichwani," mama akasema.

Bibi hakumsikiliza. "Mjukuu wangu, soma tena."

Nikamtazama baba. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasoma kilichoandikwa.

Bibi akaondoa mkono kama aliyeungua.

"Mama, ofisini kwao nimekwenda mpaka wamenichoka," baba akasema. "Wananijibu marehemu haleti malalamiko. Nawe ulikuwa huli. Ningefanya nini?"

"Ungeniacha na njaa yangu. Umeniliza juu ya jina lako. Wangu yuko wapi?"

"Sijui, mama."

"Wewe una jina hapa, na pumzi unayo. Mwenzako ana nini?"

Baba akavua kofia, akamvisha bibi kwa sababu ya jua. Bibi akaiacha ianguke.

"Nakuja," baba akamwambia mama.

Tukadhani anafuata maji. Alipita langoni, akangoja gari moja lipite, akavuka barabara bila kugeuka. Tulikaa pale ukutani mpaka askari akaja kutuambia wanafunga. Mpaka leo baba hajarudi.