Wimbo Mmoja wa Ailandi kwenye Arusi ya Kabambare

Sogea karibu, msikilizaji, wala usione haya kama hujawahi kusikia muziki wa Ailandi. Mimi mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo, nilikuwa sijui hata nchi hiyo iko upande gani. Ni kisiwa cha Ulaya, jirani na Uingereza, chenye mvua nyingi na majani mengi. Anza na hayo, mengine yatakuja yenyewe.

Nyimbo zilinifikia kwa simu. Fundi mmoja wa visima alitoka huko, nikamsaidia kutafsiri kwa siku chache, na siku ya kuondoka akaniwekea nyimbo kumi na moja katika simu yangu. Alinieleza, kwa Kifaransa chake cha kuungaunga, kwamba kwao watu huzicheza hizi mahali pa kunywea bia. Nikamshukuru, nikaenda nyumbani kwa shangazi yangu ninayekaa naye.

Shangazi ni kiongozi wa kina mama wapigao matari, zile ngoma za mkono, duara la mbao lililowambwa ngozi upande mmoja, tunazozisikia kwenye maulidi na arusi za Waislamu wa mjini kwetu. Siku hiyo alikuwa uani, anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilipobonyeza wimbo wa kwanza, mkono wake ukasimama.

"Iyo ni ngozi ya mbuzi," alisema.

Alisema kweli. Waailandi nao wana ngoma ya duara iliyowambwa ngozi ya mbuzi, ila wao huipiga kwa kijiti kifupi. Kabla sijamweleza, shangazi alikwisha kuvuta mtandio kichwani, akavua ndala, akakaa sawasawa na kunikazia macho.

"Weye mutoto, unaweka zikri kwa simu, na kichwa iko wazi?"

Nikafunika kichwa. Zikri ni nyimbo za kumtaja Mungu. Ngoma ilikwenda moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, kama ya kwetu kabisa. Kwa majuma mawili tulisikiliza nyimbo za bia kwa adabu ya msikitini.

Sikumsahihisha kwa sababu nyimbo zilimfurahisha, naye alihitaji furaha. Binti wa mdogo wake alikuwa anaolewa Kabambare, na alikwisha kutuma habari kwamba hataki matari, anataka bafle tu, muziki wa kisasa wa spika kubwa. Shangazi ndiye aliyewaingiza arusini kwa matari mabibi arusi wote wa ukoo wetu. Huyu akikataa, wadogo zake watakataa vilevile, na ngoma zitabaki ukutani. Akampigia simu. Niliwasikia wote wawili.

"Sawa, shangazi, mukuje. Lakini wimbo moja. Moja! Kisha bafle."

"Moja," shangazi akajibu kinyonge. "Kama dawa ya minyoo."

Sasa nikueleze jinsi nyimbo za Ailandi zinavyojengwa, si vigumu hata kidogo. Kuna sehemu ya kwanza, fupi, inayopigwa mara mbili. Kuna ya pili, inayopanda juu kidogo, nayo mara mbili. Kisha unarudi mwanzo, unazunguka tena, mpaka wapigaji wenyewe waamue kwamba imetosha. Katika zile kumi na moja, wimbo mmoja ulikuwamo mara mbili. Kwanza mzee anauimba peke yake bila maneno, kwa ulimi tu, dai-di-dam, maana huko asiye na filimbi hutumia mdomo wake. Halafu vijana wa siku hizi wanaupiga huohuo kwa magitaa na besi nzito. Nikamwekea shangazi zote mbili mfululizo.

"Kumbe ni ileile," alisema. "Babu na wajukuu. Na inaisha wapi?"

"Haiishi, shangazi. Inarudi tu."

Akaanza kutabasamu. "Haiishi. Basi tutapiga iyo."

Hapo ikanibidi niseme ukweli: kwamba si zikri, ni nyimbo za kucheza, tena za baa.

"Majuma mbili nimevaa mutandio kwa wimbo ya pombe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na ndala nimevua?"

"Umevua."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ngozi ya mbuzi haijui pombe," alisema akifuta machozi. "Inajua mukono tu. Lete simu."

Kina mama saba walijifunza kwa kumfuata yule mzee, kipande kwa kipande. Wawili walikata tamaa siku ya kwanza na kurudi siku ya pili. Tulikwenda Kabambare kwa pikipiki nne, matari yamefungwa kwa vitenge, na matope yakatufika magotini kila tuliposhuka kusukuma.

Bibi arusi alipotoka baada ya sala ya adhuhuri, mwenye bafle alikuwa tayari, kidole juu ya kitufe. Kina mama wakaanza: dai-di-dam kwa ulimi, matari chini yake. Mzunguko wa kwanza watu walitazamana. Wa tatu, mama wa bwana arusi alikuwa anakanyaga ardhi kwa kisigino. Wa kumi, uwanja wote ulikuwa unazunguka.

"Mama, inaisha saa ngapi?" mwenye bafle akauliza.

"Tuko kwa wimbo ya kwanza!" shangazi akamjibu bila kuacha kupiga.

"Shangazi, umenidanganya!" bibi arusi alipiga kelele, lakini alikuwa anacheka.

"Hesabu mwenyewe! Moja!"

Basi yule binti akavua viatu vyake vyeupe, akamnyang'anya mama mmoja aliyechoka tari lake, akaingia mstarini. Bafle halikusikika mpaka baada ya sala ya alasiri. Tulipokuwa tunafunga ngoma, mdogo wa bibi arusi akamjia shangazi.

"Na mimi nikiolewa, mutakuja?"

"Wimbo ngapi?"

"Moja," alisema. "Lakini ile."

Nawe ukiupata muziki huu, anza na wimbo mmoja tu. Weka mkono pajani, hesabu moja-mbili-tatu: kwenye moja piga kwa kiganja kizima, kwenye mbili na tatu gusa kwa vidole. Ukisikia sehemu ya kwanza imerudi, usisimame, endelea.