Pembe ya Ugoro ya Tapkigen

Mimi si mtu wa kusimulia mambo ya mizimu. Nimefundisha watoto kusoma tangu ujana wangu, nimesoma vitabu vya mataifa mengi, na ninajua vyema jinsi ulimi wa binadamu unavyopenda kuongeza chumvi kwenye chakula kilichokwisha kukolea. Kwa hiyo haya ninayokueleza nimeyapepeta kwanza. Nimetoa vijiti, nimetoa umande, nimebakiza jani lenyewe. Yalinipata. Mke wangu yu hai, na ukimwuliza atakwambia vivyo hivyo, ila yeye atacheka kidogo. Mimi sicheki.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mwalimu katika shule ndogo iliyopakana na mashamba makubwa ya chai, upande wa Kericho unaoteremka kuelekea Roret. Wakati huo nilikuwa mvutaji. Nilivuta kiko asubuhi kabla ya kengele, nikavuta jioni nikisahihisha madaftari, na nyumba yetu ilinuka tumbaku hata kwenye mablanketi. Kisha binti yetu Ruth akazaliwa na kifua dhaifu. Akilala, pumzi yake ilikwaruza kama ufagio sakafuni. Dresa wa zahanati ya shamba, mtu asiyependa maneno mengi, alimsikiliza mgongoni, akanigeukia, akanusa koti langu.

“Mwalimu,” akasema, “chagua. Ni kiko au ni mtoto.”

Nilichagua papo hapo. Kiko nilikipasua juu ya jiwe la kufulia nguo, na tumbaku nikaitupa chooni. Lakini nisikilize, wewe unayevuta na kudhani kwamba kuacha ni jambo la kifua: si la kifua, ni la mikono. Mikono yangu ilikosa kazi. Ilipapasa mifuko, ikapapasa meza, ikazunguka kama mbwa aliyefiwa na mwenyewe. Ndipo nilipoanza kununua vitu vikuukuu.

Wazungu wa mashamba walikuwa wakihama au wakibadilisha vyombo vyao, na vilivyotupwa huko vilifika sokoni. Senti za tumbaku zikawa za mapambo. Nilipata paka wa udongo mweupe aliyevunjika sikio moja. Nilipata saa yenye ndege aliyechorwa, ambayo haikutembea. Nilipata birika la shaba lisilo na kifuniko, nikalisugua kwa majivu na limau hadi likang'aa. Vyote nilivipanga kwenye rafu ya sebuleni, juu ya vitambaa alivyofuma mke wangu, na katikati nikaweka sotet ya marehemu mama yangu, kile kibuyu cha maziwa alichokishonea kauri kwa mkono wake. Kila jioni, badala ya kuvuta, nilivifuta vumbi kimoja kimoja. Mke wangu, Taprandich, aliiita rafu ile hospitali.

“Mgonjwa gani ameletwa leo?” angeniuliza nikirudi kutoka sokoni. “Amekatwa nini huyu?”

Siku moja sokoni Roret nilikiona kipembe cha ugoro. Muuzaji wangu alikuwa Ochieng', mtu wa upande wa ziwani aliyekuwa na kazi kiwandani na gunia la vyombo siku za soko. Kipembe chenyewe kilikuwa cheusi, kimelainishwa na viganja vya miaka mingi, kina kifuniko cha ngozi na ukanda wa shanga za buluu. Nilikinusa kwa makini, kama mtu aliyeacha anavyopaswa kunusa. Kilikuwa kikavu na kitupu. Hakikuwa na harufu yoyote.

“Kimetoka wapi?” nikauliza.

“Kimetoka kwa gunia, Mwalimu.”

“Na gunia?”

“Gunia limetoka Boito. Kuna nyumba huko imeokoka, wanatupa vitu vya shetani. Mimi nafuata nyuma naokota. Shetani ana vitu vizuri sana, Mwalimu!”

Nilicheka, nikakinunua, nikakiweka kando ya sotet ya mama.

Hapa sina budi kukueleza desturi yetu, endapo wewe si Mkipsigis. Mtoto anapozaliwa, kina mama wazee huyataja majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, huku wakimtia mtoto chembe ya ugoro puani. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi mwenye jina hilo ndiye aliyerudi kwa watu wake. Ruth wetu hakuitwa hivyo. Mama yangu alikuwa amefariki, sisi tulikuwa watu wa kanisa, na tulimpa mtoto jina la kitabuni tukatosheka. Sikuona ubaya wowote, na mpaka leo sioni.

Haikupita wiki, harufu ikaanza. Ilikuja jioni, ukungu unaposhuka kwenye chai baada ya mvua: harufu ya ugoro mpya, mkali, uliosagwa siku hiyo. Ilikaa kitambo, ikaondoka. Na kila ilipokuja Ruth alipiga chafya moja, akatabasamu akiutazama mlango.

Unadhani mke wangu alimshuku nani? Alilinusa koti langu, akapekua mifuko, akainua hata mto.

“Baba Ruth,” akasema, “mimi si mtoto wa shule. Unavuta wapi?”

“Sijagusa tumbaku tangu siku ile.”

“Basi ni paka wako wa udongo anayevuta?”

“Mama Ruth, nakuapia.”

“Usiape. Mwalimu mzima, unaapa na nyumba inanuka! Mtoto akianza tena kukwaruza kifua, nambeba naenda kwa mama yangu kule Bomet. Utabaki na hospitali yako.”

Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyoonyesha. Ni rahisi kuvumilia lawama ya kosa ulilolitenda. Lakini kulaumiwa kwa dhambi unayopigana nayo kila saa, tena unapoishinda, ni adhabu ya pekee. Nilijua pia kwamba hasemi bure. Kifua cha Ruth kilikuwa kimeanza tena kukwaruza, na kikapu cha safari cha mke wangu kilikuwa tayari nyuma ya mlango.

Jumamosi moja ilinyesha mvua ya mawe. Wewe uliyewahi kuishi Kericho unaijua: anga hufunga alasiri, bati hupigwa kama ngoma, na dakika chache baadaye chai yote imelala chini na ardhi ni nyeupe. Mvua ilipokatika, Taprandich alienda zizini kukamua. Mimi nilibaki sebuleni, Ruth mapajani, mlango wazi ili tupate mwanga uliosalia.

Harufu ikaja. Nikainua macho.

Mlangoni alisimama mwanamke mzee. Alivaa ngozi iliyolainishwa, ya zamani, na ndewe za masikio yake zilining'inia hadi mabegani zikiwa na vikuku vya shaba. Alikuwa na miguu mitupu juu ya barafu ile. Mtu yeyote aliyetembea uani jioni hiyo alisikika akiponda mawe ya mvua kama anayetafuna mahindi makavu; yeye sikumsikia. Punje mbili tatu zilikuwa zimetua begani kwake, nazo hazikuyeyuka.

“Chamgei,” akanisalimu kwa upole.

“Chamgei mising, Kogo,” nikajibu. Ndivyo tunavyomwita nyanya, na mdomo wangu ulijibu kabla akili haijauliza chochote. “Karibu ndani, kuna baridi.”

Hakuvuka kizingiti. “Nitaingia nikishaitwa,” akasema. “Huyu mtoto ananiitikia kila jioni, lakini hakuna anayelitaja jina langu. Nyumba gani hii isiyo na kina mama? Nipe pembe yangu.”

Nataka uniamini: sikuogopa. Palikuwa na utulivu kama ule wa kanisani kabla watu hawajaja. Niliinuka na mtoto mkononi, nikakichukua kipembe kutoka kwenye rafu. Kilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku. Kilikuwa kizito. Nilikifungua kifuniko, na ndani kilijaa ugoro hadi mdomoni.

Je, niseme sikuutamani? Kinywa kilijaa mate. Vidole vyangu viwili vilikutana vyenyewe, tayari kuchota.

“Ehe, chota,” akasema mzee, akicheka kama anayembembeleza mjukuu. “Anza wewe, kisha umpe mtoto kidogo. Sema: Tapkigen amefika. Basi. Ni neno moja tu, mwanangu.”

Sasa nilielewa alichotaka. Kwetu, anayepokea ugoro wa mzee amelipokea na neno lake. Kama ningechota, ningekuwa nimekubali kwamba mtoto wangu ni yeye.

“Kogo,” nikasema, “mimi nimeacha.”

“Umeacha nini?”

“Tumbaku. Nimeiacha kabisa, kwa ajili ya huyu.”

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake ameacha kunywa maji. “Hata chembe?”

“Hata chembe.”

Basi akalitaja jina yeye mwenyewe. Aliinama pale mlangoni, akasema polepole, “Tapkigen,” na uso wa Ruth ukakunjamana. Nilimwona akivuta pumzi, pua imepanuka, amefumba macho. Kwa muda huo mfupi sikuwa mwalimu, wala mtu wa vitabu. Nilikuwa baba tu. Nilifunga kipembe, nikakibana kwapani, nikaweka kidole changu juu ya mdomo wake, chini kidogo ya pua, nikabonyeza kama mama yangu alivyokuwa akitufanyia kanisani. Chafya ilisimama pale, ikatetemeka, ikarudi ilikotoka. Ruth akafumbua macho, akapiga mwayo.

“Kogo,” nikasema, “umekosea mlango. Huyu si wa ukoo wenu. Ana watu wake.”

“Mlango nilionyeshwa na pembe,” akajibu. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. “Waliitupa. Mimi huifuata inakokwenda, ningefanyaje? Na kule kwetu Boito, ng'ambo ya kijito, penye mzeituni wa porini uliochomwa na radi, kuna mtoto halali. Analia usiku na mchana. Ananingoja mimi, nami sina njia.”

“Kesho nitaipeleka.”

“Wengi husema kesho.” Aliitazama mikono yangu. “Lakini wewe umeacha. Mikono yako ni mitupu. Utaweza kuibeba.”

Nilisikia barafu ikipondwa uani. Taprandich alikuwa akija na kibuyu cha maziwa, na nilipogeuza macho kumtazama na kuyarudisha, mlango ulikuwa mtupu.

“Ulikuwa unaongea na nani?” akauliza. Kisha akasimama pale pale penye kizingiti, akanusa. Alikuja akalinusa koti langu, akainusa mikono yangu, akarudi tena mlangoni. Aliangalia chini. Juu ya weupe ule palikuwa na nyayo zake yeye Taprandich tu. “Baba Ruth,” akasema kwa sauti ndogo, “harufu iko hapa. Kwako haipo.”

Nikamsimulia yote. Akaenda nyuma ya mlango, akakitoa kikapu chake cha safari, na humo akakifunga kipembe kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe.

“Kesho ni Jumapili,” akasema. “Mungu atakuelewa. Nenda.”

Nilienda kwa miguu. Mzeituni ulikuwepo, umepasuka katikati. Nilimsikia mtoto kabla sijaiona nyumba. Baba yake, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alinipokea kwa adabu, lakini nilipofungua kitambaa alirudi nyuma.

“Hicho tulikitoa, Mwalimu. Tumeokoka.”

“Mimi pia ni mtu wa kanisa,” nikamwambia. “Sikukuletea dini. Nimeleta kitu chenu.”

Hatujamaliza maneno, bibi mmoja, shangazi yake, akatoka jikoni. Alipokiona kipembe alikikumbatia kifuani kama mtu. “Tapkigen!” akalia. “Mama yetu!” Hakumwomba mtu ruhusa. Aliwaita wanawake wenzake, wakaingia ndani, na sisi wanaume tukabaki nje kama ilivyo desturi. Tuliwasikia wakitaja majina, jina moja, jingine, jingine, na mtoto akilia juu ya kila moja. Kisha wakalitaja lile. Kilio kikakatika. Ikaja chafya, ndogo, safi, na baada yake kicheko cha wanawake na vigelegele. Kijana yule alikaa chini kwenye nyasi, akajifunika uso. Vigelegele vilipokwisha, nyumba ile ikawa kimya kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Harufu haikurudi kwetu tena. Kifua cha Ruth kilipona, na leo yeye mwenyewe ni mama. Kwenye rafu yetu, kando ya sotet ya mama yangu, kuna nafasi ambayo sijaweka kitu. Kila jioni ninaifuta vumbi pamoja na vingine.

Utasema ilikuwa ndoto ya mtu aliyenyimwa tumbaku. Nami ningesema hivyo, kama si jambo moja. Miaka ilipita, na yule mtoto wa Boito, sasa msichana wa shule, akaletwa kwa jamaa zake walioishi karibu nasi ili asome shuleni kwangu. Sikumwambia lolote, wala watu wake hawakumwambia. Baba yake hakutaka habari ile itajwe. Jioni moja msichana huyo alitumwa kwetu kuomba maziwa. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti. Aliipitishia macho rafu yetu, paka, saa, birika, hadi kwenye ile nafasi tupu, kisha akanitazama mikono.

“Mwalimu,” akauliza, “bado umeacha?”

“Bado, mwanangu,” nikamjibu.

“Vizuri,” akasema, akapokea maziwa yake, akaenda.

Basi wewe unayependa kuokota vitu vizuri vya watu, vipende, vifute vumbi, lakini usikipe kitu nafasi nyumbani mwako kabla hujajua kinatafutwa na nani. Na wewe uliyeacha tumbaku, usijidanganye kwamba chembe moja ni ndogo. Hujui atakayekunyooshea ni nani, wala atadai nini ukishaipokea.