Ufunguo wa Pearl

Mtu akikuambia kwamba uwanja wetu mdogo wa ndege ulifungwa kwa sababu ya magaidi, mwambie mimi, fundi Lyle Hatcher, ninasema huo ni uongo mtupu. Hapa Tarlton Fork, Tennessee, hatujawahi kumwona gaidi hata wa dawa. Aliyetufunga alikaa kwenye benchi letu, akala chapati nne za maji na asali ya mtama, akafuta mdomo kwa kiganja na kusema asante.

Huyo nitamfikia. Nianze na Bi Verlene Stuckey, kwa kuwa uwanja ulikuwa ni yeye.

Alikuwa mjane wa miaka sabini na moja, mfupi kiasi kwamba alikalia mito miwili ndipo aone mbele ya pua ya ndege. Alifundisha watu kurusha ndege kwa miaka thelathini na minne. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Ukitua vibaya alikwambia, "Tumefika, lakini uti wa mgongo wangu bado uko kule nyuma, geuza ndege ukauchukue." Akitua vibaya yeye mwenyewe, alishuka, akaingia ofisini, akafungua daftari letu la safari na kuandika kwa herufi kubwa: Nimetua vibaya. Kosa langu. V.S. Nilimwambia siku moja, "Bi Verlene, hakuna aliyekuona." Akanijibu, "Mimi nilikuwepo, Lyle."

Daftari hilo lilikaa mezani chini ya ubao wa funguo. Ndege tano za mafunzo, misumari mitano, funguo tano, na mlango ambao haukuwahi kuwa na kufuli. Juu ya ubao, ukuta mzima ulijaa vipande vya mashati. Mwanafunzi anapopaa peke yake kwa mara ya kwanza na kurudi mzima, mwalimu humkata shati mgongoni kwa mkasi, huandika jina na tarehe, na kutundika kile kitambaa ukutani. Kwetu kitambaa hicho ndicho kilikuwa ruhusa. Ukiwa nacho ukutani, hata ukikaa Texas miaka ishirini, siku unayorudi unaandika jina lako kwenye daftari, unachukua ufunguo, unaruka. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Atakuulizaje na mgongo wa shati lako uko pale unamtazama?

Kitambaa cha Trent Bascom kilikuwa safu ya tatu, cha mistari ya kijani. Baba yake alifariki Trent akiwa na miaka kumi na sita, na Bi Verlene akamfundisha bure miaka miwili. Siku alipopaa peke yake, Bi Verlene alisimama kando ya njia ya kurukia akiwa ameshika mkasi kwa mikono yote miwili, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Namjua, alikuwa anaomba. Sijamwona akimwombea mwanafunzi mwingine yeyote. Baadaye Trent akaenda chuo, akapata kazi ya utangazaji katika stesheni ya televisheni mjini, na sisi tukawa tunawaonyesha watu kitambaa chake kama vile tumemzaa.

Sasa, mwaka ule baada ya minara ya New York kuanguka, kila jioni televisheni ilikuwa na mtaalamu wa kuogopa ndege ndogo. Walisema kindege chochote cha shambani kinaweza kujazwa baruti na kuangushwa juu ya shule. Mimi nimefungua injini hizi maisha yangu yote. Pearl, ndege yetu ya bluu ya viti viwili, ni nyepesi kuliko gari langu la kubebea kuni. Tia ndani wanaume wawili wanene na tangi lililojaa, kwenye joto la Julai, uone kama itaiacha ardhi. Lakini hofu haipimwi kwa mizani. Ardhi ya uwanja ilikuwa ya kaunti, mkataba wetu wa kuikodi ulikuwa unakwisha mwezi wa tatu, na baadhi ya wajumbe wa baraza walikuwa wameanza kunong'ona kwamba wasiuendeleze.

Ndipo Trent akapiga simu. "Bi Verlene, niachie mimi," akamwambia. "Nitakuja Jumamosi ya chapati, niutoe uwanja kwenye habari. Watu wakiona mnavyoishi, baraza litaona aibu."

Bi Verlene aliweka simu chini akanigeukia. Kisha akasema, "Unaona, Lyle? Mtoto hasahau."

Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikuwa tunapika pale bandani, chapati za maji na soseji, na yeyote anayetua anakula. Trent alifika na mwenzake aliyebeba begi begani, begi ambalo hakulitua hata alipokuwa anakula. Bi Verlene alikuwa kwenye kikaango. Alimtupia jicho bila kuacha mwiko.

"Trent Bascom," akasema, "umekonda. Huko mjini wanakulisha karatasi?"

"Wananilisha habari, Bi Verlene."

"Ndiyo maana huna nyama. Kaa ule."

Akala. Alipomaliza akasema amekumbuka kuruka. Bi Verlene akamwonyesha ofisi kwa mwiko. "Funguo ziko pale pale. Chukua Pearl, lakini bado anavuta kushoto, usimwonee haya, mkanyagie pedali ya kulia. Na uandike kwenye daftari."

Nilimwona akiingia, mwenzake na begi lake nyuma yake, akiandika, akitoka na ufunguo. Walipanda wote wawili, akawasha injini, akamtembeza Pearl hadi mwisho wa njia, akamgeuza tayari kupaa, akasimama. Kisha akazima. Nikadhani kuna hitilafu, nikaenda na spana zangu mbio.

"Vipi, kijana?"

"Si kitu, Mzee Lyle. Naona upepo si mzuri leo."

Siku hiyo upepo haukutikisa hata bendera. Nililiona hilo, na sikusema neno. Mpaka leo najilaumu.

Habari zilikuwa Jumanne saa kumi na mbili jioni. Bi Verlene alikuwa amesukwa nywele kwa msusi, akaweka viti kumi na vitano ofisini, akamwalika hata Mzee Gaines Ledbetter, mwenyekiti wa baraza la kaunti. Alioka keki. Televisheni ikawashwa, Trent akatokea akiwa na tai nyekundu, nyuma yake maandishi makubwa: Dakika Nne.

"Nilitaka kujua," akasema Trent kwa sauti nzito ambayo si yake, "inamchukua mtu asiyejulikana muda gani kuiba ndege."

Kumbe lile begi lilikuwa na kamera ndani: tukaona mlango wetu usio na kufuli. Tukaona ubao wa funguo. Tukaona mkono wake ukichukua ufunguo wa Pearl, rafadha ya puani ikizunguka, njia ya kurukia ikiwa tupu mbele. "Hakuna aliyeniuliza jina," akasema. "Hakuna aliyenizuia. Kutoka hapa hadi shule ya msingi ni dakika mbili kwa ndege." Halafu wakaonyesha shule, na watoto wakicheza. Chapati hazikuonyeshwa. Mwiko haukuonyeshwa. Sauti ya Bi Verlene ikimwita kwa jina lake lote ilikatwa kama mtu anavyokata mkia wa samaki.

Mzee Ledbetter akavaa kofia yake akaondoka, keki hakuigusa. Bi Verlene alikaa akitazama tangazo la sabuni mpaka likaisha.

"Labda wakubwa wake ndio waliokata," akasema hatimaye.

Nikamwambia, "Maneno yale yalitoka kinywani mwake, Bi Verlene. Asante ya punda ni mateke."

"Usimwite punda. Nilimfundisha mimi."

Alipiga simu stesheni mara tatu wiki ile. Mara zote aliambiwa bwana Bascom yuko kazini nje.

Siku ya baraza ukumbi ulijaa akina mama ambao jana yake tu walitusalimia dukani. Trent alikuwa amesimama kando ya ukuta na kamera yake, safari hii ya wazi. Bi Verlene alikwenda mbele amekumbatia daftari. Akalifungua, akasoma: "Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Pearl. Trent Bascom. Mwandiko ni wake. Anasema hakuulizwa jina. Sikumuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshamwita."

Mzee Ledbetter akajikuna shingo. "Verlene, hakuna anayesema wewe ni mtu mbaya. Lakini daftari si mlinzi."

"Si mlinzi, Gaines. Ni ushahidi. Wamewaambia mgeni aliingia akachukua ndege. Hakuwa mgeni. Hata wewe, nikikukuta jikoni kwako unafungua friji, siwezi kuita polisi."

Watu wachache wakacheka. Akamgeukia Trent. "Mwanangu, sina maswali mengi. Waambie hawa kwamba unanijua. Hilo tu."

Trent aliitazama kamera, hakumtazama Bi Verlene.

"Bi Stuckey," akasema, "mimi niko hapa kama mwandishi wa habari. Siwezi kuwa sehemu ya habari yenyewe."

Bi Stuckey. Tangu azaliwe hakuwahi kumwita hivyo. Nimeishi miaka mingi nikisikia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile ndipo nilipohisi meno yake. Bi Verlene alifunga daftari, akarudi kwenye kiti chake kando yangu. Kura zilikuwa tano kwa mbili, dhidi yetu. Tulipewa hadi mwisho wa Juni tuwe tumeondoka.

Wenye ndege waliondoka mmoja mmoja. Pearl alinunuliwa na mkulima wa Kentucky, na nilimwonya kuhusu kushoto. Bi Verlene alitumia wiki mbili kuvibandua vitambaa na kuvitia kwenye bahasha, kila kimoja na anwani ya mwenyewe. Siku ya mwisho kaunti ilileta kufuli mpya, ya kwanza katika mlango ule, na ukuta ulikuwa mweupe wote isipokuwa kitambaa kimoja, safu ya tatu.

Nilikuwa nimetoka kumwaga mafuta ya jenereta, mikono yangu myeusi hadi viwiko. Nikakitazama kile kitambaa cha mistari ya kijani. Sitaficha, nilikuwa nimekingoja tangu Machi.

"Hicho nipe mimi," nikasema. "Nipangusie mafuta, kisha nikichome."

Akakitoa msumarini. Nikanyoosha mkono. Akakikunja mara mbili, akakitia kwenye bahasha, akalamba gundi.

"Bi Verlene, huyo alisimama mbele ya watu akakukana."

"Ndiyo. Na sitamsamehe, nadhani. Sijui." Alikuwa anaandika anwani ya stesheni, polepole, kwa herufi kubwa zile zile za daftari. "Lakini siku ile alipaa peke yake, Lyle, na akatua vizuri kuliko wote. Nilikuwepo. Siwezi kusema hakuruka."