Mke Aliyefumba Mdomo Mahakamani

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Migori, karani mkuu alinipokea kwa onyo. "Mama, mkalimani ni mdomo tu. Usiongeze chumvi, usipunguze." Nikala kiapo, nikasimama kando ya kizimba, nikaanza kugeuza Kijaluo cha mashahidi kuwa Kiingereza cha mahakama.

Baadaye nilihamishiwa Homa Bay, kwa hakimu mkazi aliyependa maneno kuliko chakula. Kila neno alitaka kujua lilizaliwa wapi, na ugonjwa huo akaniambukiza.

Mvuvi mmoja wa Kisegi alishtakiwa kwamba usiku fulani aliiba injini ya boti. Shahidi wake alikuwa mmoja tu, mkewe Akinyi. Mwendesha mashtaka akamuuliza, "Mume wako alilala wapi?" Akinyi akainamisha kichwa. Akaulizwa tena, kimya. Mwendesha mashtaka akatabasamu, akasema kwa Kiingereza kwamba usiku ule ni mystery, jambo lisilojulikana, hata kwa mke wa mshtakiwa. Neno hilo nikashindwa kuligeuza kwa Kijaluo. Kwa bahati, hakimu aliahirisha kesi kidogo, tukaenda chai.

"Mheshimiwa, hii mystery ilitoka wapi?"

"Kwa Wagiriki, mama. Kwao ilianza na kufumba, macho ama mdomo. Watu walikuwa wanaingizwa kwa ibada ya siri, wakitoka hawasemi kitu."

"Kumbe ni kama fumbo letu, nalo limetoka kwa kufumba! Lakini hao watu walikuwa wanajua?"

"Walijua sana. Asiyejua kitu atafumba nini?"

Niliiacha chai ikipoa. Nikakumbuka kwamba mahakamani, kwenye benchi la mbele, alikuwa ameketi baba mkwe wa Akinyi, kofia magotini. Kwetu, mke hataji kitanda mbele ya baba mkwe, hata kama mumewe atafungwa. Nikamweleza hakimu.

Tuliporudi, alimwomba mzee asubiri nje. Mlango ulipofungwa, Akinyi hakungoja swali. "Alilala kwangu kitandani. Alikuwa na homa, nilimshikilia mpaka asubuhi." Nilitafsiri kwa furaha. Mvuvi yule aliachiliwa.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi Uriri. Nikiingia jikoni, mke wa mwanangu hukatiza ghafla mazungumzo na jirani zake. Natamani sana kujua walikuwa wanasema nini. Lakini siulizi. Nachukua kikombe changu, natoka nje, na nikishafika uani namsikia akiendelea.